Maumivu ya Goti na Mfupa Ulio Chini ya Gegedu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Kampala, katika mkutano wa ukumbusho wa Chama)





 Katika siku kama hii ni desturi kusikia habari za waasisi, za shule zilizojengwa na za fedha zilizochangwa. Hayo yatasemwa na wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililo dogo kwa kutajwa, lakini kubwa kwa mwenye nalo, nalo ni maumivu ya goti.

Si jambo la kando. Tazameni safu za misikiti ya mji wetu, mtaona viti vya wale wasioweza kwenda chini. Tazameni njia ya kupanda kilima cha Kibuli siku ya Ijumaa, mtaona wazee wanaosimama njiani kupumzisha miguu. Wapo akina mama ambao zamani haikupita arusi wala matanga wasihudhurie, na leo hukaa barazani wakingoja kutembelewa. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria ya kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, na kati yao milioni 365 ulikuwa umewashika gotini. Katika kila wagonjwa kumi, sita ni wanawake.

Madaktari huuita ugonjwa huu ostioathraitisi. Yafaa tusiuchanganye na ile baridi yabisi inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na viungo vingi kwa pamoja. Huo ni ugonjwa mwingine, una dawa zake, na kuchelewa kuutibu kwaweza kuleta kilema.

Sasa natulitazame goti lenyewe. Juu umo mfupa wa paja, chini umo mfupa wa muundi, na mbele ipo pia ya goti. Ncha za mifupa hii, pale zinapokutana, zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini, chenye kuteleza kuliko barafu. Kati ya paja na muundi vimo vipande viwili vya gegedu jingine lenye umbo la hilali, kazi yake kugawa uzito. Yote hayo yamezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko umo utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Kwa mfano, gegedu ni mkeka, na mfupa ulio chini yake ni sakafu iliyobeba mkeka ule.

Kwa watu wengi maelezo ya ugonjwa huu ni mafupi: mafuta ya goti yamekwisha, mifupa yasagana, basi. Maelezo haya yana kweli ndani yake, kwani gegedu huchakaa, na likiisha haliwezi kuota upya kama ngozi iotavyo juu ya kidonda. Jambo hilo liliandikwa London tangu mwaka 1743 na tabibu William Hunter. Walakini maelezo hayo hayatoshi, na upungufu wake umewadhuru watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyeambiwa mafuta yamekwisha, akakata tamaa, akaacha kutembea, akaukaribisha uzee kabla ya siku zake. Wa pili ni yule aliyepigwa picha ya eksirei, akaambiwa picha yake haina neno, kisha watu wa nyumbani wakaanza kunong'ona ya kuwa mama ajisingizia ili asifanye kazi. Wote wawili wamedhulumiwa kwa elimu pungufu.

Nasema hivi kwa sababu moja iliyo wazi. Gegedu halina mishipa ya damu, wala halina neva, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu katika ubongo. Kitu kisicho na neva hakiumi. Mwaka 1998 daktari mpasuaji wa California, Scott Dye, alitoa habari za jaribio alilofanyiwa katika magoti yake mwenyewe. Ngozi yake ilitiwa ganzi mahali pa kupitishia chombo tu, ndani hakutiwa ganzi. Mwenzake akaingiza kijiti cha chuma, akawa anagusa sehemu moja baada ya nyingine, naye yu macho, anaeleza anavyosikia. Gegedu la pia ya goti lilipoguswa, hakusikia maumivu. Utando wa ndani na mafuta yaliyo nyuma ya kano ulipofika wakati wake kuguswa, maumivu yalikuwa makali.

Basi ikiwa mkeka haulii, ni nani anayelia? Wamo walio wengi: utando ukivimba, mfuko ukivutwa, kano na misuli ikichoka. Lakini mmoja ambaye zamani hakutiliwa maanani ni mfupa ulio chini ya gegedu, na huyo ndiye ninayetaka mumjue leo.

Twadhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe kwa kuwa twauona umekauka. Mfupa ulio mwilini ni kitu hai. Una damu, una neva, na ndani yake umo uboho. Chini ya gegedu upo ubao mwembamba wa mfupa mgumu, na chini ya ubao huo mfupa umejengwa mfano wa sega la nyuki, vijiti na vijumba, ili uwe mwepesi na tena uweze kunepa kidogo uzito unapoushukia. Mfupa huu hujibomoa na kujijenga daima kufuatana na kazi upewayo. Kanuni hiyo ilielezwa na Mjerumani Julius Wolff katika kitabu chake cha mwaka 1892.

Uzito unaopita hapo si haba. Mtu akitembea njia iliyo sawa, goti hubeba kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake, na akishuka ngazi huzidi mara tatu. Mkeka ukiwa mzima, uzito huo huenea mahali pote. Mkeka ukichakaa upande mmoja, au vile vipande vya hilali vikipasuka, au mguu ukiwa umepinda tege, uzito wote hushukia mahali padogo. Hapo mfupa huanza kubadilika. Ubao wake huwa mnene na mgumu, ukapoteza ule unepaji wake. Katika mwaka 1972 Eric Radin na wenziwe huko Marekani walieleza ya kuwa mfupa ukishakuwa mgumu hivyo, nalo gegedu lililo juu yake huumia zaidi, kwa kuwa limekosa chini yake kitu cha kupokea kishindo. Kwa hivyo ugonjwa huenda kama mduara: mkeka mbovu huharibu sakafu, na sakafu mbovu huharibu mkeka. Kandokando ya kiungo huota vipembe vya mfupa, na ndani hutokea vifuko vidogo vya maji.

Eksirei huonyesha vile vipembe, na hubainisha nafasi iliyopungua kati ya mifupa. Vipimo vya kuzigawa picha hizo kwa daraja, kutoka sifuri hata nne, vilitungwa mwaka 1957 na Kellgren na Lawrence wa Uingereza, navyo vyatumika hata leo. Lakini eksirei haioni ndani ya uboho. Ilipokuja mashine ya sumaku, ile wanayoiita MRI, madaktari waliona mara ya kwanza madoa ndani ya mfupa, chini kabisa ya mahali pale gegedu lilipochakaa. Wengine wakayaita maji ya mfupa. Mifupa ya namna hiyo ilipokatwa na kutazamwa kwa darubini, maji yalionekana kidogo tu. Kilichokuwamo zaidi ni vijiti vya mfupa vilivyovunjikavunjika na kuungwa vibaya, nyuzi za kovu mahali pa uboho, na sehemu zilizokufa. Kwa neno moja, lilikuwa ni jeraha, na jeraha ndani ya kitu chenye neva.

Mwaka 2001 madaktari wa Boston, wakiongozwa na David Felson, walitoa habari iliyowashtua wengi. Waliwapiga picha za sumaku watu 401 ambao eksirei ilionyesha goti limechakaa. Kati ya hao, 351 walikuwa na maumivu na 50 hawakuwa nayo. Katika wale wenye maumivu, 272 walikuwa na madoa ndani ya mfupa, yaani zaidi ya watatu katika kila wanne. Katika wale wasio na maumivu walikuwa 15 tu kati ya 50. Na madoa makubwa yalikuwa karibu yote ni ya wenye kuumwa. Mwaka 2003 watu wale wale wakatoa habari nyingine: magoti yenye madoa upande wa ndani yalizidi kuharibika upande huo kwa wingi zaidi, katika muda wa miezi thelathini, kuliko yasiyo na madoa.

Huko Nottingham, Uingereza, mwaka 2007, watafiti walionyesha jambo jingine. Katika viungo vilivyougua, vijishipa vya damu pamoja na neva nyembamba hupenya kutoka mfupani, vikavuka mpaka, vikaingia katika gegedu ambalo kwa asili halina neva. Ni kama panya waliopata ufa katika sakafu wakatokea mkekani.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, nisije nikaonekana nasema picha ya eksirei haina maana. Mwaka 2009 walitazamwa watu ambao goti moja lauma na jingine haliumi, na goti linalouma ndilo mara nyingi lililokuwa limechakaa zaidi. Wala doa la mfupa si sababu ya pekee. Wapo wenye doa wasioumwa, na wapo waumwao wasio na doa. Maumivu huongezwa pia na kukosa usingizi na huzuni. Ninalosema ni hili: picha ya eksirei isifanywe hakimu. Mgonjwa akisema anaumwa, ushahidi wake ni wa kwanza, na kuna sehemu ya goti lake ambayo picha ile haikufika.

Sasa nafika kwenye habari njema, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Gegedu likiisha halirudi, bali doa la mfupa halikai hali moja. Mwaka 2011 ilionyeshwa ya kuwa madoa hayo hukua na kupungua, na yanapopungua maumivu nayo huelekea kupungua. Mwaka 2015 huko Manchester wagonjwa 126 wenye maumivu chini ya pia ya goti waligawanywa. Wengine wakavaa mshipi wa kulishika goti, wengine wasivae. Baada ya majuma sita tu, waliovaa walipungukiwa na maumivu, na madoa ya mfupa mahali pale yakawa madogo. Maana yake ni kwamba mfupa ukipunguziwa mzigo, hujitengeneza. Yule aliyeambiwa mafuta yamekwisha hakuelezwa hili. Mafuta yamekwisha, naam, lakini mfupa u hai, na kilicho hai chaweza kutulia.

Kuna na habari ya kutuonya. Ilipatikana dawa ya sindano iitwayo tanezumab, inayozuia kitu kile kinachokuza neva za maumivu. Maumivu yalipungua kweli. Lakini katika baadhi ya wagonjwa viungo viliharibika upesi kupita kiasi, na mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikataa kuipendekeza, ikaachwa. Mfupa wa goti hauna sauti ya kutuonya ila maumivu. Mwenye kuyanyamazisha kwa vidonge asubuhi, kisha akabeba gunia la mkaa mchana, amemfunga mlinzi kinywa akamwachia mwizi mlango.

Vivyo hivyo kwa sindano za kutia ndani ya goti, ambazo wengi wetu huziomba na kuzilipia ghali. Sindano ya steroidi hutuliza kwa majuma machache, na ina mahali pake. Lakini mwaka 2017 wagonjwa 140 walitazamwa kwa miaka miwili, nusu wakipata sindano hiyo kila baada ya majuma kumi na mawili, nusu wakipata maji ya chumvi. Mwishoni maumivu ya makundi mawili hayakupitana, na waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi. Tena dawa za kutia nguvu mifupa zilitumainiwa kufuta madoa. Walakini katika jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 223, dawa ya namna hiyo haikulizuia gegedu lisipungue wala haikushinda sindano isiyo na dawa katika kuondoa maumivu. Nayasema haya ili mtu asiuze ng'ombe kununua kisichomfaa.

Basi lifaalo ni lipi? Ni mambo manne, wala hayana gharama kubwa.

Kwanza, uzito. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha ya kuwa mtu mnene akipunguza kilo moja ya mwili, goti hupunguziwa kiasi cha kilo nne katika kila hatua. Katika kilomita moja zimo hatua zaidi ya elfu moja; hesabu mtaifanya wenyewe. Na habari za mji wa Framingham, Marekani, za mwaka 1992 zilionyesha kwamba wanawake waliopunguza kiasi cha kilo tano katika miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata ugonjwa huu wenye maumivu. Tukumbuke hayo tunapopakua wali na sukari.

Pili, misuli ya paja. Misuli yenye nguvu hupokea kishindo kabla hakijafika mfupani. Kaa kitini, nyosha mguu mmoja hata uwe sawa, hesabu mpaka tano, ushushe polepole. Fanya mara kumi, kisha mguu wa pili, kila siku. Tena jizoeze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Maumivu yanayozidi hata kesho yake ni dalili ya kupunguza. Na kutembea kusiachwe.

Tatu, kupunguza mzigo. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Viatu viwe na soli laini. Uchunguzi wa Beijing wa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa waliochutama kwa muda mrefu kila siku katika ujana walipatwa zaidi na ugonjwa wa goti uzeeni. Kwa hivyo jiko na karai la kufulia viinuliwe kufika kiunoni, wala binti zetu wasingoje mpaka wazeeke.

Nne, dawa kwa kipimo. Dawa ya kupaka ya namna ya diklofenaki ndiyo ya kutangulia. Vidonge vya jamii hiyo, vikitumiwa ovyo, hutoboa tumbo, huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu; visinunuliwe dukani bila ya kuulizwa daktari. Na goti likiisha kabisa, upo upasuaji wa kuondoa ncha za mifupa pamoja na gegedu na kutia goti la chuma na plastiki. Wengi hupata nafuu kubwa, ijapokuwa si wote.

Goti likivimba ghafula na kuwa la moto, au likiambatana na homa, au mtu akianguka asiweze kulikanyagia, au maumivu yakidumu usiku na mchana bila kupoa, aende hospitali siku ile ile. Hayo huenda yakawa ni mambo mengine.

Naja kwenye sala. Hukumu za mgonjwa wanazijua masheikh wetu, wala mimi sivuki mpaka wao. Kwa upande wa tiba nasema hivi: goti linapokuwa kali, kukaa kitini kwa majuma machache ni kuupa mfupa nafasi ya kutulia, wala si aibu. Lakini likitulia, mtu arudi chini polepole, kwa zulia nene na kitu cha kushikia, kwa maana goti lisilokunjwa kamwe huganda. Wala asiwepo mtu wa kumtazama kwa jicho baya kijana aliyekaa kitini. Hatujui kilichomo mfupani mwake.

Mwisho, nina ombi kwa Chama. Katika fedha za ukumbusho huu, zitengwe chache zitiliwe vyuma vya kushikia kwenye ngazi za misikiti yetu, na viti vya mawe mahali pa kutawadhia, ili mzee asisimame kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyolowa. Pia kila jumapili asubuhi ukumbi huu ufunguliwe saa moja tu, wazee wa kiume kwa zamu yao na wa kike kwa zamu yao, wafanye mazoezi niliyoyataja. Waasisi wetu walitujengea mahali pa kukutana. Yatupasa na sisi tuhakikishe kwamba wazee wetu waweza kufika.

 Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu na akibariki Chama chetu. Amin.